Baskeli ya shokapu mbele na nyuma kwa vilima vya Pemba na maweni ya Unguja: ipi itadumu?

Utaani_Wete

Assalaam alaykum nyote. Naomba ushauri wa watu wanaozijua baskeli kwa kuzifungua.

Natafuta baskeli moja ya milimani yenye shokapu mbele na nyuma, iwe ya kazi zote za njia za porini. Njia zenyewe ni vijia vya ndani kutoka Wete hadi Konde, vilima vya mikarafuu vya kupanda na kushuka mfululizo, kisha Ngezi na Makangale mpaka Kigomasha. Mara moja moja Unguja, kwenye maweni ya Makunduchi na nyuma ya Kiwengwa. Nina kilo 78, urefu sentimita 172. Sishindani mbio wala sirukii majabali. Nataka inayokaa miaka 6 au 7, isiwe kila ikipita masika inarudi kwa fundi. Bajeti yangu ni shilingi milioni 5.

Wauzaji wananivuta huku na huku. Mmoja ananiambia kaboni kwa kuwa haishiki kutu. Mwengine anasema nichukue yenye mwendo mrefu wa shokapu, milimita 160, eti ndiyo imara zaidi. Wa tatu anayo mpya ya dukani, springi mbele na nyuma, kwa robo ya bajeti yangu. Nimsikilize nani? Na kwetu huku kipi huharibika kwanza?

FundiViungo

Wa alaykum salaam ndugu. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lenye majibu ya mengine.

Kwenye baskeli yenye shokapu nyuma, kinachokufa kwanza visiwani kwetu si fremu wala gia. Ni beringi za viungo vya nyuma. Beringi ya gurudumu huzunguka mduara mzima, kwa hiyo grisi husambaa na gololi huchakaa sawasawa. Beringi ya kiungo haizunguki. Inachezacheza nyuzi chache tu mbele na nyuma, maelfu ya mara, gololi zile zile zikisugua pahala pale pale. Grisi inasukumwa pembeni, maji ya matope na chumvi yanachukua nafasi yake. Ukiinua sili ya beringi iliyopita misimu miwili ya mvua bila kuguswa, unakuta maji ya rangi ya chai palipokuwa na grisi, na kwenye njia ya gololi vishimo vidogo vilivyopangana kama alama za meno. Hapo baskeli imeshaanza kulia na gurudumu la nyuma linayumba kila ukipinda.

Kwa hiyo kabla hujaangalia rangi, uliza namba za beringi. Fremu nzuri hutumia beringi za vipimo vya kawaida ambavyo hata maduka ya beringi za mashine yanavyo: 6902 (shimo milimita 15, nje 28, unene 7), 6900 (10, 22, 6), 6000 (10, 26, 8), 608 (8, 22, 7). Sharti ziwe na maandishi 2RS, yaani sili za mpira pande zote mbili. Zenye ZZ zina kifuniko cha bati tu, na bati halizuii maji. Zikiandikwa MAX ni bora zaidi kwa viungo, kwa sababu ndani hazina kibebeo cha gololi, gololi zimejazwa tele na mzigo unagawanyika. Ukikosa Unguja, Kariakoo hukosi. Fremu ikiwa na bushi za umbo la pekee au beringi ambayo haina namba, iache hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Idadi ya viungo nayo ni hesabu. Muundo wa mikono minne una viungo vingi, beringi 8 mpaka 10 au zaidi, lakini unatulia vizuri ukikamata breki na ukipanda. Muundo wa kiungo kimoja kikubwa, ambao mikono ya juu ya nyuma inapinda yenyewe kidogo badala ya kuwa na kiungo kule mwisho, una beringi chache. Giant Stance ni ya aina hiyo. Kwa mtu wa Wete ambaye fundi wa shokapu yuko ng'ambo ya bahari, uchache wa viungo ni faida kubwa.

Sasa wauzaji wako watatu.

Ile ya robo bei usiiguse. Springi yake haina mafuta ya kuituliza, kwa hiyo inadunda: unapita jiwe, inakurusha. Viungo vyake ni bushi za plastiki, uzito unakaribia kilo 18 au kuzidi, na kikivunjika kitu hakuna cha kununua.

Milimita 160 ni ya watu wenye milima mirefu, wanaoshuka nusu saa. Vilima vya Pemba ni vifupi na vimesimama, ukishuka kimoja unapanda chengine papo hapo. Mwendo mrefu ni uzito wa ziada na nguvu zinazopotea kwenye shokapu kila ukikanyaga. Chukua milimita 120 hadi 135 nyuma na 130 hadi 140 mbele.

Kaboni kweli haishiki kutu, lakini inapitisha umeme. Alumini ikigusana nayo penye maji ya chumvi, inayoliwa ni alumini: nguzo ya kiti inaganda ndani ya fremu, viti vya beringi vinavimba unga mweupe. Na jiwe la maweni likiruka likaupiga ubavu wa bomba la kaboni, hujui ndani kumetokea nini. Alumini inabonyea ukaona kwa macho. Chukua alumini.

Mambo mengine manne ya kuyakagua kwenye karatasi ya vipimo, na haya ndiyo yanayotenganisha baskeli ya miaka 3 na ya miaka 7.

Ekseli ya pedeli iwe ya kufungwa kwa nyuzi (huandikwa BSA 73), isiwe ya kushindiliwa. Ya nyuzi unaifungua kwa spana yake, unapaka grisi, unarudisha. Ya kushindiliwa ikishaanza kulia kwa mchanga, hutoka kwa nyundo na mara nyingi tundu la fremu limeshalika.

Shokapu ya nyuma iwe ya vipimo vya kawaida, mfano 210 kwa 55 au 190 kwa 45. Zipo fremu zilizotengenezewa shokapu yao pekee. Ikifa miaka 5 baadaye na kampuni imeacha kuitengeneza, fremu nzima inakuwa pambo la ukutani.

Kipande kinachoshika direla (kifaa cha nyuma kinachohamisha mnyororo kwenye gia) kiwe UDH. Hicho ni kipimo kimoja kilichotolewa na SRAM mwaka 2019 na sasa kampuni nyingi wamekipokea. Zamani kila fremu ilikuwa na chake, kikipinda porini unasubiri mwezi.

La nne, waya na mipira ya breki isipite ndani ya beringi za usukani. Ni mtindo wa sasa na unapendeza, ila kubadilisha beringi ya juu ya usukani, ambayo jasho na mvua huila haraka, inakulazimu kufungua mpira wa breki na kutoa hewa upya. Kazi ya dakika 15 inageuka ya nusu siku.

Kwa majina ya kuanzia kutafutia, zote alumini: Marin Rift Zone na Norco Fluid za karibuni (130 nyuma, 140 mbele), Polygon Siskiu T (135 nyuma, 140 mbele kwenye saizi za magurudumu 29), na hiyo Giant Stance 29 (120 nyuma, 130 mbele). Kwa urefu wako ni saizi M. Pembe ya kichwa nyuzi 65 mpaka 66, pembe ya kiti 76 hivi, ili kwenye vilima vilivyosimama uzito usikuangukie nyuma.

MaweniNaTairi

Fundi amesema kweli kuhusu viungo, lakini kwa upande wa Unguja mashariki kuna kitu kinachoharibika kabla hata beringi hazijapata unyevu: ubavu wa tairi. Ndugu yangu wa Wete amezoea udongo wa kinamo na kinongo wa Pemba. Maweni ni kitu chengine. Jiwe la matumbawe lina kingo kama gamba la chaza, halitoboi tairi pale linapokanyaga, linalichana ubavuni pale unapoteleza.

Tairi nyingi zinazokuja na baskeli mpya zina ubavu mwembamba ili mizani isome kidogo. Zivue na uziuze. Nyuma weka tairi lenye ubavu wa tabaka mbili. Kwa Maxxis ni lile lililoandikwa DoubleDown, au angalau EXO+. Mbele EXO inatosha kwa sababu uzito mwingi uko nyuma. Upana inchi 2.4, usizidi. Nasema hivyo kwa ajili ya Pemba: tairi la 2.6 kwenye kinamo cha masika hujaza udongo kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na kokoto zilizonasa humo zinasugua rangi na alumini kama msasa. Baina ya tairi na fremu ibaki nafasi ya kidole, kila upande. Meno yawe yameachana, yasiwe yamebanana, ili udongo uruke wenyewe.

Funga bila tyubu. Ukiwa na tyubu kwenye maweni utapata matundu mawili mawili ya kubanwa na rimu kila safari. Dawa ya kuzibia, mililita 100 mpaka 120 kwa kila tairi la 29. Kwa joto letu hukauka mapema kuliko inavyoandikwa kwenye chupa, kwa hiyo fungua kila baada ya miezi 2 ukaangalie. Tikisa gurudumu karibu na sikio, usiposikia maji yakicheza ndani, ongeza 60. Upepo kwa kilo 78: mbele psi 22 hadi 24, nyuma 25 hadi 27. Maweni ongeza 2, kinamo punguza 2. Kipimo cha pampu ya kituo cha mafuta hakifai kwa namba ndogo hizi, nunua chako.

Mchano ukizidi milimita 5 au 6, dawa peke yake haizibi. Kwanza sindikiza uzi wa mpira wa kuzibia, ule mwembamba wa baskeli, maana ule wa bodaboda ni mnene na unapanua tundu. Ikishindikana, vua tairi, futa dawa, weka ndani kipande cha tairi kuukuu cha vidole vitatu kikiegemea mchano, kisha tyubu. Hiyo inakufikisha nyumbani. Na beba kile kiunganishi kidogo cha shaba cha kugeuza valvu nyembamba iwe ya kupokea pampu ya gari. Kina uzito wa sarafu ya shilingi mia, na bila hicho kila pampu ya mtaani haikufai kitu.

Kuhusu magurudumu: 29, spoku 32 mbele na nyuma, spoku zenye shingo iliyopinda, si zile zilizonyooka. Zilizopinda fundi yeyote wa baskeli Darajani anakukatia kwa urefu unaoutaka. Na nati za spoku ziwe za shaba. Za alumini hutumiwa kwa wepesi, lakini kwenye hewa yetu spoku isiyoshika kutu na nati ya alumini zinapigana zenyewe kwa zenyewe. Tazama pale spoku inapoingia kwenye rimu: ukiona unga mweupe kama chumvi ya mawe, nati imeshaliwa, na siku ya kuikaza inapasuka vipande viwili kwenye spana.

Jambo dogo pembeni. Msimu wa karafuu, watu wanaanika kwenye majamvi kando ya barabara na vijia vya Konde na Wete. Ukitokea mteremkoni na matope kwenye magurudumu, kamata breki mapema, pita kwa miguu. Yale ni mapato ya nyumba nzima.

Kinongo11

Naongezea gia, halafu nina ubishi kidogo kuhusu breki.

Gia: usikimbilie 12 kwa sababu ni nyingi. Mnyororo wa 12 ni mwembamba, na matope ya mchanga yanaula upesi. Chukua 11. Shimano Deore M5100 ina kaseti (fungu la sproketi za nyuma) ya meno 11 hadi 51 inayokaa kwenye frihabu, yaani kishikio cha kaseti kwenye gurudumu, ya aina ya zamani ya HG, kwa hiyo ukihitaji kaseti ya dharura unapata. Shimano CUES, iliyotoka 2023, ni bora zaidi kwa anayetafuta uimara: meno ya kaseti ni manene na mnyororo hukaa muda mrefu, isipokuwa inabadilisha gia kwa utulivu, si kwa haraka. Mbele sproketi moja ya meno 30, ya chuma, si alumini. Kwa vilima vyenu 32 itakuumiza magoti.

Pima mnyororo kwa rula. Pini 25, yaani nafasi 24 baina yake, mnyororo mpya ni milimita 304.8. Ikifika 306.3 badilisha siku hiyo hiyo. Ukiuacha mpaka 308 umeshakula kaseti, na kaseti ni mara tatu nne ya bei ya mnyororo.

Sasa breki. Wengi watakwambia Shimano kwa kuwa inatumia mafuta ya madini, hayanywi unyevu. Ni kweli, ila chupa yake Pemba huipati. Breki nyingi za SRAM zinatumia mafuta ya DOT, na DOT 4 ipo kila duka la spea za gari, Chake na Wete. Mimi nasema kwa mtu wa Pemba, kinachopatikana ndicho bora.

FundiViungo

Kinongo11, kwenye gia niko nawe. Kwenye breki sikubali.

DOT inanyonya unyevu wa hewa hata ikiwa imefungwa, inapita taratibu kwenye mipira na sili. Kwa hewa yetu ya bahari utalazimika kuyabadilisha yote kila mwaka, la sivyo yanachemka mapema kwenye mteremko na mkono wa breki unakwenda mpaka usukanini. Na mtu anayekwenda duka la gari akaomba DOT, akipewa DOT 5 akaitia, ameua breki: hiyo ni ya silikoni, haichanganyiki na nyengine. Ni 4 au 5.1 tu. Juu ya hayo inababua rangi ya fremu. Mafuta ya madini ya Shimano ukiyatia mara moja vizuri yanakaa miaka, na chupa ndogo ya mililita 100 inatosha kutoa hewa breki zote mbili zaidi ya mara moja. Akivuka Unguja aagize chupa moja, aiweke kabatini. Asichanganye kamwe: DOT ndani ya Shimano inavimbisha sili, na mafuta ya madini ndani ya breki ya DOT hivyo hivyo.

Kinongo11

Hoja ya kubadilisha kila mwaka naikubali, ni kazi ambayo watu hawaifanyi. Basi achukue Shimano, lakini angalie diski. Zile za bei ya chini zimeandikwa kuwa ni za pedi za resini tu. Pedi za resini kwenye kinamo cha mvua zinaweza kuisha safari mbili tatu. Atafute diski zinazokubali pedi za chuma, milimita 180 mbele na nyuma. Diski mpya ina unene wa 1.8, ikifika 1.5 itoe. Pedi ikibaki nusu milimita, itoe pia, usingoje isage chuma kwa chuma.

Utaani_Wete

Ahsanteni sana, nimejifunza kuliko nilivyotarajia. Nimepiga hesabu: mpya kwa milioni 5 pamoja na kuileta inanibana. Kuna mtumba Unguja, alumini, 29, 130 nyuma na 140 mbele, ekseli ya pedeli ya nyuzi. Muuzaji anasema imetumika kidogo. Nitakwenda wiki ijayo kuiona. Niangalie nini, na nibebe vifaa gani? Fundi wa kuongozana naye sina.

FundiViungo

Mtumba mzuri ni bora kuliko mpya dhaifu. Beba hivi: seti ya spana za pembe sita, pampu ya shokapu (ile ndogo yenye kipimo kikubwa, azima ukikosa), tochi, kitambaa, rula, na sumaku ya friji. Omba saa nzima. Muuzaji akikuharakisha, ondoka.

Anza ikiwa chafu au safi, haidhuru, futa fremu kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Mulika tochi kwa ubavu, si kwa kuelekea. Nyufa za alumini huanzia kwenye kiungio cha kuchomelea: bomba la kiti linapokutana na bomba la juu, kishikio cha shokapu, pembeni mwa ekseli ya pedeli, na mkono wa chini wa nyuma karibu na kiungo kikubwa. Mkwaruzo wa rangi haunasi ukucha. Ufa unanasa, na mara nyingi una mstari mweusi ndani yake. Ukiona hivyo mazungumzo yameisha, alumini iliyopasuka haichomelewi ikarudi kama ilivyokuwa.

Halafu viungo. Simama nyuma ya baskeli, shika kiti, inua polepole sana kama sentimita moja, shusha, inua. Usitazame, sikiliza kwa vidole. Ukihisi "tk" ndogo kabla gurudumu halijaanza kunyanyuka, kuna mchezo. Mwambie mwenzako aguse macho ya shokapu kwa kidole huku wewe unainua. Akihisi kugonga hapo, ni bushi ya shokapu, kitu cha bei ndogo. Ikiwa haipo hapo, ni beringi.

Uhakika kamili unaupata hivi: toa upepo wote wa shokapu, fungua boliti yake moja, iondoe njiani. Sasa shika gurudumu la nyuma ulipandishe mpaka juu na uliachie. Linatakiwa lishuke kwa uzito wake, laini, bila kukwama popote. Likikwama katikati au ukihisi changarawe, beringi zimekufa. Litikise kushoto na kulia: lisicheze. Beringi zilizokufa hazizuii ununuzi, ila ondoa gharama ya seti nzima kwenye bei, pamoja na kazi.

Foko, yaani shokapu ya mbele: weka sumaku kwenye bomba zinazong'aa. Ikinasa ni chuma, na chuma kwetu kinatoa madoa ya kutu yanayokata sili. Tafuta ya alumini, na unene wa bomba milimita 34 au 35, kama Marzocchi Z2 au RockShox Pike. Pitisha ukucha juu na chini kuzunguka bomba zote, mkwaruzo unaonasa pale ambapo sili hupita utakuwa unavuja mafuta daima. Jaza upepo, bonyeza kwa kifua mara kumi, angalia pete ya mafuta. Ukungu mwembamba ni sawa, tone si sawa.

Shokapu ya nyuma, ukishairudisha na kuijaza, kaa juu, bonyeza polepole, inuka. Ukisikia sauti ya kunyonya kama mtu anakoroga uji, hewa imeingia kwenye mafuta ya ndani, na kazi hiyo haifanyiki mtaani, itabidi ivuke kwenda kwa mwenye mashine.

Mwisho mnyororo kwa rula, kama Kinongo11 alivyoeleza. Baskeli "iliyotumika kidogo" yenye mnyororo wa milimita 308 haikutumika kidogo.

Utaani_Wete

Fundi, Mungu akuzidishie. Na ikishafika Wete? Kuiosha, kuipima kwa uzito wangu, na spea za kuweka nyumbani?

MaweniNaTairi

Nijibu la kuosha, kwa sababu huko ndiko baskeli nyingi za visiwani zinakofia.

Usiendeshe ufukweni maji yakiwa yametoka, hata Vumawimbi, hata mchanga ukiwa mgumu kama lami. Magurudumu yanatupa maji ya chumvi moja kwa moja kwenye kiungo kikubwa na frihabu. Ukilazimika, osha siku hiyo hiyo, si kesho. Maji baridi yasiyo na chumvi, ndoo na sifongo, sabuni ya vyombo kidogo. Mashine ya presha ya kuoshea pikipiki usiisogeze, inapenya sili zote. Visima vya karibu na pwani vingi vina maji ya magadi, tumia ya bomba au ya mvua. Ikikauka, futa bomba za foko, tia mnyororo mafuta, pitisha kitambaa chenye mafuta kwenye vichwa vya boliti. Kwenye boti ya kuvuka, usiifunge nje upande wa upepo, rasharasha ya masaa hayo ni sawa na kuitia baharini.

FundiViungo

Vipimo: kaa na mkoba wako na maji, kama unavyotoka. Sukuma pete ya mpira ya shokapu mpaka kwenye sili, kaa taratibu bila kurukaruka, shuka, pima. Shokapu yenye mwendo wa 55 izame milimita 15 hadi 16.5, yaani asilimia 27 hadi 30. Foko ya 140 izame kama 25 hadi 28. Ikizidi ongeza upepo, ikipungua punguza, psi 5 kwa kila mara. Ukishapata namba ziandike ndani ya mlango wa kabati.

Kila masaa 50 ya kupanda, fungua miguu ya foko, safisha sifongo za ndani, tia mafuta mapya, ni mililita chache tu kwa kila mguu kulingana na jedwali la modeli yako. Wakati huo huo fungua chemba ya upepo ya shokapu, futa, paka grisi yake, badilisha sili. Mafuta ya ndani ya kutuliza ni masaa 200, hiyo kazi ipeleke.

Beringi mpya usizifunge kama zilivyotoka kiwandani. Inua sili kwa ncha ya wembe kutokea ukingo wa ndani, usiipinde, jaza grisi ya injini za boti mpaka ifurike, rudisha sili. Za kiwandani huja na grisi theluthi tu kwa ajili ya kuzunguka kasi, na kiungo hakizunguki kasi. Kuzitia tumia boliti ndefu ya milimita 8 na washa mbili zinazosukuma pete ya nje. Ukigonga pete ya ndani umeshazitia vishimo kabla hujapanda. Boliti za viungo paka gundi ya buluu ya nyuzi, kaza kwa namba iliyoandikwa kwenye kiungo chenyewe, kisha zikague baada ya safari ya kwanza na ya tatu.

Kabatini: seti moja ya beringi za viungo, bushi za shokapu pea moja, pedi pea mbili, mnyororo mmoja, mafuta ya madini chupa moja, spoku 6 za kila urefu pamoja na nati zake za shaba, tairi moja la nyuma, dawa nusu lita, na hanga za direla (kile kipande kinachoishika) 2. Ya pili ya hizo usiiache kabatini, ifunge chini ya kiti kwa utepe.